Tarakilishi ifunguliwe mbele ya wanafunzi

Mwulize mwanafunzi wa Gredi ya 7 akutajie sehemu za tarakilishi, naye atazimimina bila kusita: kiwambo, kibodi, kipanya, kitengo kikuu cha uchakataji, printa. Atazitaja kwa mfuatano ule ule uliochorwa kwenye chati iliyotundikwa ukutani, na akitahiniwa atapata alama zake zote. Kisha mpeleke mwanafunzi huyo huyo mbele ya tarakilishi iliyokataa kuwaka, umwombe akuonyeshe pa kuanzia kuitafuta kasoro. Atabaki ameduwaa. Wala si yeye peke yake. Aghalabu mwalimu aliyemfunza ataduwaa pamoja naye, na mashine hiyo itafunikwa kitambaa, irudishwe stoo, ingoje fundi wa mjini ambaye nauli yake haimo katika bajeti ya muhula.

Dai la makala haya ni moja. Tunawafunza watoto wetu majina ya sehemu za tarakilishi, lakini hatuwafunzi tarakilishi yenyewe. Msingi wa elimu hii ni kutambua kwamba mashine hii ni vitu viwili vilivyoungana: mwili unaoshikika, na maagizo yasiyoshikika. Kasoro zake huanzia katika mwili ule au katika maagizo yale, na asiyeweza kuvitenganisha hivi viwili hawezi kuitumia vyema, kuinunua kwa busara wala kuitengeneza. Nami nashikilia kwamba utambuzi huo haupatikani kwa kukodolea chati macho. Sharti tarakilishi ifunguliwe kifuniko, wanafunzi wachungulie ndani.

Suala hili lina gharama yake. Mwaka 2013 taifa liliahidiwa kwamba kila mtoto anayeingia darasa la kwanza katika shule ya umma angepewa kipakatalishi. Baada ya mivutano ya zabuni na kesi mahakamani, ahadi hiyo ilibadilika, na kuanzia mwaka 2016 serikali ikasambaza vishikwambi zaidi ya milioni moja katika shule za msingi zaidi ya 20,000, pamoja na vifaa vya walimu, vya kuhifadhia masomo na vya kuunganisha mtandao. Shule zilizo mbali na nyaya za umeme ziliwekewa mitambo ya nguvu za jua. Ni kazi kubwa, wala sitaibeza. Hata hivyo, si siri kwamba katika shule nyingi vifaa hivyo vimelala kabatini. Sababu zinazotajwa ni nyingi: wezi, ukosefu wa umeme, walimu wasiopata mafunzo ya kutosha. Sababu ambayo ni nadra kuisikia ikitajwa ni kwamba kifaa kikigoma, hakuna mtu shuleni awezaye kusema kama kimekufa au kimesinzia tu.

Isitoshe, nafasi ya somo lenyewe imepungua. Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023, sayansi ya kompyuta ilikuwa somo la hiari. Mwaka 2024 idadi ya masomo ilipopunguzwa, somo hilo lilimezwa ndani ya somo la kiufundi la awali, pamoja na masomo ya biashara. Vipindi vikishakuwa haba namna hii, hatuna budi kuchagua kwa makini kinachostahili kufunzwa kwanza. Mimi ningeanza na maneno mawili.

Maneno hayo ni maunzi na programu. Maunzi ni neno lililotokana na kitenzi kuunda, kwa njia ile ile ambayo mapenzi yalitokana na kupenda na ulinzi ukatokana na kulinda. Ni vile vitu vilivyoundwa kwa chuma, plastiki, shaba na kioo. Chochote katika tarakilishi kinachoweza kuwekwa kwenye mizani, kulowa maji au kuingiwa na vumbi ni maunzi. Programu ni maagizo yanayoyaambia maunzi hayo la kufanya, hatua baada ya hatua. Haina uzito wala rangi. Wapo wanaoiita maunzilaini, neno ambalo mimi binafsi silipendi, kwa kuwa linamfanya mtoto adhani kwamba programu ni aina ya maunzi yaliyo laini mfano wa sufi. Ama kuhusu tarakilishi, kompyuta na ngamizi, au kipanya na puku, hayo ni mabishano ya barazani. Mwalimu achague neno moja, aendelee na somo.

Mfano wa kutenganisha mambo haya ulio karibu zaidi na mtoto wa Kenya haumo maabarani. Umo mfukoni mwa nyanya yake. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa mnamo Machi 2007, simu nyingi nchini zilikuwa zile ndogo za vibonye, jamaa za hizi ambazo leo tunaziita mulika mwizi. Huduma hiyo haikuhitaji simu ya kifahari kwa sababu programu yake iliwekwa katika kadi ndogo ya simu, ambayo wengi huiita laini. Simu ni maunzi. Kadi nayo ni maunzi, tena ni tarakilishi ndogo mno yenye kichakataji na kumbukumbu yake. Orodha inayomwuliza nyanya kama anataka kutuma pesa au kutoa ni programu. Na pesa zenyewe je? Hazimo katika simu wala katika kadi. Ni rekodi, yaani data, iliyowekwa katika tarakilishi kubwa za kampuni. Ndiyo maana simu ikitumbukia kisimani, nyanya hununua simu nyingine, akarudishiwa laini yenye nambari ile ile, na pesa zake akazikuta pale pale. Mwili umeangamia, maagizo yamepata mwili mwingine, data haikuguswa. Mwanafunzi akiyaelewa haya matatu kwa mfano huo, amevuka mto ambao watu wazima wengi bado wamesimama ukingoni mwake.

Hata wavumbuzi wa mashine hizi hawakuvuka mto huo siku moja. Tarakilishi iitwayo ENIAC, iliyozinduliwa mjini Philadelphia, Marekani, mnamo Februari 1946, ilikuwa na uzito wa takriban tani 30, na ndani yake mlikuwa na vali zipatazo 18,000, vitu vya kioo mfano wa balbu. Kuipa kazi mpya hakukuwa kuandika; kulikuwa kuhamisha nyaya na kugeuza swichi, kazi iliyoweza kuchukua siku kadhaa. Walioitekeleza walikuwa wanawake sita, miongoni mwao Kay McNulty na Betty Jennings, ambao kwa miaka mingi picha zao zilionyeshwa bila majina. Nawataja kwa kusudi, kwa kuwa bado kuna shule ambazo mlango wa chumba cha tarakilishi ukifunguliwa, wavulana hukimbilia viti vya mbele na wasichana wakaachiwa kusimama nyuma ya migongo yao.

Katika mashine ile, maagizo yalikuwa sehemu ya mwili. Kubadilisha fikira zake ilikuwa ni kuifanyia upasuaji. Mageuzi yalikuja Manchester, Uingereza, tarehe 21 Juni 1948, pale mashine ndogo iliyopewa jina la utani Baby ilipotekeleza maagizo yaliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake yenyewe, sambamba na tarakimu ilizokuwa ikizishughulikia. Maagizo hayo yalikuwa 17 tu. Mashine ilitakiwa kutafuta kigawo kikubwa zaidi cha 262,144, ukiiondoa nambari hiyo yenyewe. Mwanafunzi mwerevu atagawanya kwa mbili na kujibu 131,072 kabla chaki haijawekwa chini. Mashine haikuujua werevu huo. Ilianza na nambari iliyo chini ya 262,144 kwa moja, ikajaribu, ikashuka tena kwa moja, ikajaribu, hadi ikalipata jibu baada ya dakika 52. Lakini kuanzia siku hiyo, kuipa tarakilishi kazi mpya hakukuhitaji tena kugusa nyaya. Kulihitaji kuandika maagizo mengine. Kila programu tunayoitumia leo ni mjukuu wa maagizo yale 17.

Sasa na tuifungue. Kwa somo hili inafaa tarakilishi ya mezani, kwa maana kishikwambi hugandishwa kwa gundi na sehemu zake ni ndogo mno kwa darasa zima. Ubavu wa sanduku lake aghalabu hushikiliwa na skrubu mbili au tatu upande wa nyuma. Kitu cha kwanza ambacho wanafunzi watakiona katika mashine ya shule si ubao wala nyaya. Ni vumbi. Mwalimu asione haya, kwani vumbi hilo ni somo. Tarakilishi inapofanya kazi hutoa joto, na feni imewekwa ili kulifukuza. Vumbi likiziba njia ya hewa, joto hubaki ndani, na kichakataji hujipunguzia kasi au mashine ikajizima kujiokoa. Basi tarakilishi inayozimika yenyewe kila baada ya nusu saa isisingiziwe virusi kabla haijapanguswa kwa brashi laini.

Nyaya nyingi za ndani zinatoka katika sanduku dogo la bati lililo pembeni. Hilo hupokea umeme wa ukutani wa volti 240 na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 ambazo sehemu nyingine zinaweza kuzistahimili. Ubao mpana ambao kila kitu kimechomekwa juu yake huitwa ubao mama. Chini ya feni, juu ya ubao huo, kimelala kichakataji, kipande cha mraba kisichozidi biskuti ndogo, na ndicho kinachotekeleza maagizo. Kichakataji cha gigahezi 2 hupiga mapigo bilioni 2 kwa kila sekunde. Hata hivyo, kazi anazojua bwana huyu ni chache ajabu: kujumlisha, kulinganisha, kuhamisha kitu kutoka hapa hadi pale. Hana hekima, ana haraka.

Nikiulizwa ni kitu gani kimoja ambacho mwanafunzi asitoke darasani bila kukielewa, nitasema ni tofauti kati ya kumbukumbu na diski. Kumbukumbu ya kazi ni vile vibao vyembamba vilivyosimama wima karibu na kichakataji. Diski ni kile kisanduku bapa kilichofungwa pembeni, ingawa katika mashine mpya huenda ikawa kipande kidogo kilicholala juu ya ubao mama. Vyote viwili hushika data, na kwa hivyo vitabu vingi huvichanganya. Mwalimu anao mfano mbele ya macho yake. Kumbukumbu ya kazi ni ubao wa darasani. Mambo huandikwa upesi, yakaonwa na wote, kisha kengele ikilia yakafutwa. Diski ni daftari. Kuliandika ni polepole zaidi, lakini jioni mtoto huenda nalo nyumbani na asubuhi akarudi nalo likiwa na maneno yale yale.

Kumbukumbu ya kazi huishi kwa umeme. Umeme ukipotea, ubao umefutwa wote kwa mkupuo mmoja. Mwanafunzi aliyechapa insha ya kurasa tatu bila kuihifadhi hulalamika kwamba kompyuta imeila kazi yake, na wengine huamini kwamba mashine ina ukorofi. Haikula kitu. Insha ile ilikuwa ubaoni, na hakuna aliyeinakili daftarini. Kuhifadhi ni kunakili huko: kuamuru kilicho katika kumbukumbu kiandikwe kwenye diski. Katika nchi ambayo umeme hukatika bila kuaga, somo hili lina faida kuliko kumjua aliyevumbua kipanya.

Tunapozungumzia diski, wanafunzi watataka kujua maneno huingiaje humo. Hapa mwalimu wa hisabati aitwe. Tarakilishi hutambua hali mbili tu, ambazo sisi huziandika 0 na 1. Kila moja ya alama hizo ni biti, na biti nane ni baiti moja. Kwa makubaliano ya kimataifa, herufi kubwa A ni nambari 65, ambayo kwa biti nane huandikwa 01000001. Herufi moja ya kawaida huchukua baiti moja, hivyo neno shule ni baiti 5. Chukua kitabu cha kurasa 300, kila ukurasa ukiwa na herufi 2,000: ni baiti 600,000. Flashi ya gigabaiti 8, ambayo hutundikwa shingoni kama ufunguo, ina nafasi ya baiti bilioni 8, yaani vitabu zaidi ya 13,000 vya aina hiyo. Picha moja iliyopigwa kwa simu ikiwa na megabaiti 3 inachukua nafasi ya vitabu vitano. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hii mwenyewe hatamwuliza mtu tena kwa nini simu ya babake inasema imejaa ilhali hana hata kitabu kimoja ndani yake.

Tumekaa sana katika mwili. Tuyafuate maagizo, na njia nzuri ya kuyafuata ni kuitazama tarakilishi inavyoamka, kwa sababu huamka kwa hatua na kila hatua ina shahidi wake. Ukibonyeza kitufe, umeme huingia. Taa huwaka na feni huzunguka. Hayo ni maunzi matupu. Kisha programu ndogo iliyowekwa katika ubao mama na kiwanda huamka, ikakagua kumbukumbu, kibodi na diski. Wakati huo jina la mtengenezaji huonekana kiwamboni. Programu hiyo ikiridhika, huenda kwenye diski kuutafuta mfumo endeshi, mathalan Windows au Linux, na kuupandisha katika kumbukumbu. Mfumo endeshi ndio mwalimu mkuu wa shule hii: hugawa nafasi, hupanga zamu, huamua nani atumie printa na nani angoje. Mwisho kabisa huja programu tumizi, zile za kuchapia barua, kupigia hesabu, kuchorea na kuvinjari mtandao.

Mwenye kuujua mfuatano huo anaweza kuuliza maswali ya fundi. Hakuna taa wala feni? Atazame waya, swichi ya ukutani na lile sanduku la bati. Hapo hakuna programu ya kulaumiwa, kwa kuwa hakuna iliyoamka. Feni inazunguka lakini mashine inapiga milio na kiwambo ni giza? Aghalabu ni kibao cha kumbukumbu kilichoteleza kutoka mahali pake. Kikichomolewa na kurudishwa sawasawa, mara nyingi mashine huamka. Jina la mtengenezaji linaonekana kisha mambo yanakwama? Ashuku diski au mfumo endeshi. Kila kitu kiko sawa ila programu moja tu inajifunga yenyewe? Mwili ni mzima. Tatizo ni maagizo ya programu hiyo.

Kuna kasoro moja ambayo hupita ikidanganya watu. Tarakilishi iliyokaa stoo miaka kadhaa huwashwa ikaonyesha tarehe ya miaka mingi iliyopita, na ikiunganishwa na mtandao, tovuti nyingi hukataa kufunguka zikitoa onyo la usalama. Wasiojua husema imeingiwa na virusi au imezeeka. Kumbe juu ya ubao mama pana betri ya mviringo mfano wa sarafu, ya volti 3, ambayo huiendesha saa ya ndani wakati umeme umezimwa. Betri hiyo ikiisha, saa husahau tarehe, na tovuti zinazothibitisha vyeti vyao kwa tarehe huonekana kana kwamba vyeti hivyo si halali. Betri ya aina hiyo hiyo hutumika katika vifaa vingine vidogo na huuzwa madukani kwa bei nafuu. Ni mashine ngapi zimehukumiwa kifo kwa ajili yake?

Ipo hukumu nyingine ya kifo, na hii hutoka ng'ambo. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya bure ya kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10. Mfumo uliofuata, Windows 11, uliotolewa mwaka 2021, unadai vichakataji vipya na kifaa maalumu cha usalama ambavyo tarakilishi nyingi za miaka ya nyuma hazina. Muuzaji atamwambia mwalimu mkuu kwamba mashine zake zimepitwa na wakati na hana budi kununua nyingine. Mwalimu asiyetofautisha maunzi na programu atakubali, aitishe mchango wa wazazi. Anayetofautisha ataona kwamba kilichokoma ni maagizo ya kampuni moja, ilhali mwili ungali mzima. Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, una matoleo mepesi yanayoweza kuwekwa katika mashine kama hizo bila malipo ya leseni. Programu ya ofisi iitwayo LibreOffice nayo ni ya bure, na yatosha kwa insha, majedwali na michoro ya shule. Wala hatukosi mfano wa nyumbani: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema na mtumiaji kwa Kiswahili.

Sisemi kwamba shule zote zihamie Linux kesho. Kuna walimu waliozoea njia moja, na kuna programu ambazo huendeshwa na Windows pekee. Nasema kwamba uamuzi huo ufanywe na mtu anayejua anaamua nini. Hali kadhalika kuhusu nakala za wizi za programu ambazo huzunguka mijini kwa bei ya chai na mandazi. Nyingi huja na wageni wasioalikwa. Virusi vya tarakilishi si wadudu wala si uchafu. Ni programu iliyoandikwa na mtu kwa nia mbaya, nayo hudandia flashi kutoka mashine hadi mashine. Haiondolewi kwa kitambaa, na kwa kawaida kubadilisha kibodi hakutaisaidia shule.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba watoto wataharibu. Mashine ninayoitaka ifunguliwe ni ile ambayo imekwisha kufa au kustaafu, na kila kaunti ina ofisi zenye mashine kama hizo zilizorundikwa ukumbini. Ya pili ni usalama, na hii ina uzito. Mashine ichomolewe kutoka ukutani kabla ya skrubu ya kwanza kulegezwa, na kitufe cha kuwashia kibonyezwe mara moja ili kumaliza umeme uliosalia. Lile sanduku la bati la umeme lisifunguliwe asilani, na vile viwambo vizito vya kizamani vyenye kisogo visiguswe ndani, kwa sababu vyote viwili huweza kushikilia umeme hatari hata baada ya kuchomolewa. Viwambo hivyo pia vina risasi katika kioo chake na havifai kuvunjwa wala kutupwa jaani. Mwanafunzi aguse bati la sanduku kabla ya kugusa ubao, ili umeme tuli wa mwilini mwake usiviunguze vipande vidogo. Zaidi ya hapo, hatari haizidi ile ya kutumia chupa za asidi katika maabara ya kemia, ambazo hatukuzifungia kabatini kwa hofu.

Pingamizi ya tatu haisemwi waziwazi, nami naona ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mwalimu mkuu anaogopa daftari la mali. Tarakilishi iliyosajiliwa kuwa mali ya umma, hata ikifa, haiwezi kutupwa au kugawanywa vivi hivi; Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015 imeweka utaratibu wake. Mkaguzi akija akakuta sanduku limefunguliwa na vipande vimetandazwa mezani, nani atajieleza? Basi mashine hubaki mzima kwa nje, mfu kwa ndani, ikihesabiwa kila mwaka kama ng'ombe aliyekwisha kuzikwa. Hofu hii haiondolewi na mwalimu mmoja. Wizara ya Elimu yaweza kuiondoa kwa waraka wa ukurasa mmoja, unaoruhusu kila shule kutenga mashine mbili au tatu zilizothibitishwa kuwa hazifanyi kazi, ziandikwe upya katika daftari kuwa vifaa vya kufundishia, kama vile fuvu la plastiki katika darasa la biolojia.

Waraka huo ukitoka, kipindi cha kwanza si kigumu kukipanga. Kipindi cha Sekondari Msingi ni dakika 40. Dakika kumi za mwanzo zinatosha kulegeza skrubu, kupangusa vumbi na kulitambua kila pande kwa jina. Nyingine kumi wanafunzi wachomoe na kurudisha vibao vya kumbukumbu kwa zamu, wasichana wakitangulia. Kisha mashine moja iliyo hai iwashwe, darasa litazame hatua za kuamka kwake na kuandika ushahidi wa kila hatua. Baada ya hapo mwalimu aizime, achomoe waya wa ukutani, na wanafunzi wakiwa wamegeuza migongo, akitoe kibao kimoja au alegeze kamba ya diski, arudishe kifuniko, awashe tena, na awaachie dakika zilizosalia waseme kilichokosekana.